Mtumbwi Wenye Tawi Nyuma

Mwaka sabini na nne, nikiwa na miaka kumi na saba, ndipo shida zilipoanza kunijua kwa jina. Tulihamishwa kutoka kwenye mashamba yetu ya mpunga kule Mpimbwe, tukapelekwa kijiji kipya ambacho hakuna mtu aliyekuwa amechimba hata choo. Baba alilala kwenye mvua, akaamka anakohoa. Mvua zilipokwisha na yeye alikuwa amekwisha. Mimi darasa niliishia la tatu. Sikuwa na ng'ombe, sikuwa na mjomba serikalini. Nikafunga shuka yangu nikaondoka kwa miguu. Mpanda nililala Majengo, kibarazani kwa mtu nisiyemjua. Sibwesa nilipalilia mahindi ya watu ili nile. Nikatembea hivyo hivyo mpaka nikatokea ziwani, Ikola.

Nayasema hayo mapema ili mjue kuwa mimi siyo mtu wa hadithi. Mtu aliyekula njaa hana nafasi ya kutunga. Haya ninayoandika niliyaona kwa macho haya mawili, mchana, jua likiwa juu, na tulioyaona tulikuwa zaidi ya mmoja. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, mpunga wangu hautaacha kukobolewa kwa sababu yako.

Pale Ikola alinipokea Mzee Kaponda. Alikuwa na boti ya mbao yenye injini ya kufunga nyuma, anabeba samaki wakavu, mchele, wagonjwa, maharusi, yeyote mwenye safari. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchota maji yanayoingia ndani ya boti. Nilichota mpaka vidole vikawa vyeupe kama vya maiti. Baadaye akanipandisha, nikawa mtu wa mbele: kuangalia njia, kupima kina kwa mti, na kupiga debe tupu la bati ili wengine watusikie tukiwa hatuoni vizuri.

Mzee Kaponda hakujua kusoma kabisa, afadhali hata mimi. Lakini sheria za ziwa alizijua kama vile mkristo anavyojua Baba Yetu, na mtu wa boti yake hakula mpaka azisome kwa kinywa. Jioni, ugali umeshaiva, anauliza:

"Injini inampisha nani?"

"Tanga."

"Kwa nini?"

"Tanga linategemea upepo. Injini ina pa kwenda."

"Na tanga?"

"Linapisha kasia. Mwenye kasia anatumia mikono yake."

"Na kasia?"

"Linapisha wavu. Wavu ukishatupwa haugeuki."

"Haya. Na meli kubwa inampisha nani?"

Hapo wote tunacheka, kwa sababu jibu tulilijua. Kwa maneno meli inapisha kila mtu. Lakini wewe kaa mbele yake uone.

Halafu anaacha kucheka, anauliza la mwisho: "Na wote hao, injini, tanga, kasia, wavu, wanampisha nani?"

"Tawi."

Ninyi wa nchi kavu niwaeleze. Kando ya ziwa lile barabara zilikuwa hakuna, hivyo mtu akifia mbali na kwao alirudishwa kwa maji. Mtumbwi uliobeba maiti ulichomekwa tawi bichi la mkuyu kichwani, yaani mbele. Ukiliona tawi mbele, unazima injini, unashusha tanga, unanyanyua kasia, unasimama mpaka upite. Hupigi debe, hupigi mluzi, hakuna kusalimiana. Wewe pita nyuma yake, usimkate mbele. Hata mvuvi mwenye wavu majini alijitahidi kuuvuta. Hiyo ndiyo heshima ya mwisho ambayo ziwa linampa mtu, na anapewa hata aliyekuwa mwizi.

Lakini kulikuwa na tawi la pili. Mtumbwi unaokwenda kumchukua maiti, ukiwa bado mtupu, tawi lilichomekwa mkiani, nyuma. Huo hausimamiwi. Unaupita kama usiouona, unaendelea na shughuli yako. Sababu yake ni nyepesi tu: watu wa huo mtumbwi wakiwa wanatafuta kambi yenye msiba, mwenye msiba ndiye anayesimama ufukweni au majini kuwaonyesha kuwa ni hapa. Kwa hiyo ukisimama wewe usiye na msiba, umefanya nini? Umeita. Umesema ni kwangu.

"Tawi mbele, simama," Mzee Kaponda alitusomesha. "Tawi nyuma, songa. Ukichanganya hayo mawili, bora ungezaliwa Tabora ukachunga ng'ombe."

Shikeni hapo. Ndipo kisa chote kilipo.

Mwaka sabini na saba nilioa. Mke wangu aliitwa Skolastika, binti wa kambi ya wavuvi iliyokuwa kaskazini ya Ikola, mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye mdomo. Siku nilipopeleka barua ya posa alichungulia mlangoni akawaambia dada zake, wazi mimi nikisikia, "Ndiye huyu? Mbona miguu kama ya korongo?" Nikamwambia, "Korongo ndiye anayevua." Akacheka. Nikajua nimeshapata. Mtu ambaye hakuwa na kitu, hata kibaraza, ghafla ana mwanamke anayemcheka kila jioni. Nyie mliozaliwa kwenye vitanda hamuwezi kujua hiyo ni mali gani.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa, uchungu ulimshika kambini kwao. Ulimshika usiku wa kuamkia Jumamosi, na asubuhi mama yake mzazi akatoka ndani akiwa amejifunga kanga kiunoni. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani. Akitaka kukuambia kitu anamwambia mtu wa tatu, na kama mtu hayupo anamwambia mbuzi. Siku hiyo aliuambia mlingoti wa kuanikia nyavu: "Mtoto amekaa vibaya. Mkunga amenawa mikono. Kama kuna mwanaume hapa, apeleke watu Karema kwa masista, leo hii."

Nilikimbia Ikola. Mzee Kaponda hakuuliza la nauli wala la petroli, ingawa petroli miaka ile ilikuwa ya kuhangaika. Alikuja na boti mpaka ufukweni kwetu, tukamlaza Skolastika katikati juu ya magunia na mkeka, mama yake akakaa kichwani kwake, kanipa mgongo. Mimi nikashika nafasi yangu ya mbele na debe langu. Mzee akashika injini nyuma. Tulikuwa hao tu.

Sasa mwezi wa tisa kule, mapori yote yanawaka. Watu wanachoma mashamba, warina asali wanaacha moto nyuma yao, na moshi wote unateremka milimani kuja kulala ziwani. Siku nyingine huoni ncha ya boti yako. Jua lilikuwa limeshapanda lakini lilionekana kama kaa linalozimika, jekundu, unalitazama bila kufumba macho. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Hata ndege hakuna. Tulikwenda polepole, mimi napiga debe, nanyamaza, nasikiliza, napiga tena.

"Kaponda," mama mkwe akasema kwa mgongo, "mwambie huyo mwenye mke maji ya kunywa yako kwenye kibuyu cheusi, siyo hicho anachokishika."

"Umesikia?" Mzee akaniuliza.

"Nimesikia. Mwambie nashukuru."

"Anashukuru."

Skolastika akacheka katikati ya uchungu wake. "Nyie watu mtanimaliza," alisema. Kisha akauma kanga. Alikuwa anatoka jasho kama aliyemwagiwa maji. Mama yake alikuwa anamfuta, anamfuta, na mimi nilianza kupiga debe kwa nguvu zaidi kana kwamba debe ndilo linalosukuma boti.

Ndipo nikaona kivuli.

Kilikuwa upande wa kulia, mbele kidogo, kirefu, chembamba. Mtumbwi wa mti mmoja. Hakukuwa na mluzi, na sheria ni kwamba kwenye moshi mwenye kasia hupiga mluzi ili mwenye injini amjue. Anayenyamaza ni mmoja tu, mwenye tawi. Nikakaza macho nikaona, kwenye ncha moja, majani.

"Tawi!" nikasema. "Lakini sijui ni la mbele au la nyuma. Sioni unaelekea wapi. Mzee, songa tu!"

Jamani, mtumbwi wa mti mmoja ncha zake mbili zinafanana. Kichwa unakijua kwa kuona unakokwenda. Na ule haukuwa unakwenda popote. Ulikuwa umekaa juu ya maji kama kitu kilichochorwa.

"Mzee, songa! Nina mtu humu!"

Mzee Kaponda akazima injini.

Simlaumu. Nilimlaumu miaka mingi, tena kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, lakini sasa nimefika umri wake na simlaumu tena. Mtu aliyeshika sheria maisha yake yote, akiona tawi na asijue, mkono wake utafanya nini? Utafanya ulichozoea. Mkono wake ulizoea kuheshimu.

Boti ikasogea kidogo kwa nguvu zake za mwisho, ikasimama. Na ule mtumbwi, sisi tulipokwisha kusimama kabisa, ndipo ulipoanza kuja. Ncha isiyo na majani ndiyo iliyotutangulia. Tawi lilikuwa nyuma.

Nilisikia Mzee Kaponda akivuta pumzi. Akavuta kamba ya injini. Injini ikakohoa, ikafa. Akavuta tena. Injini ile ile iliyowaka asubuhi kwa mvuto mmoja, ikawa kama jiwe.

Ndani ya mtumbwi alikuwamo mwanamke. Peke yake. Msitegemee niwaambie alikuwa na kwato au macho ya moto. Laiti angekuwa nayo! Alikuwa mwanamke wa makamo, amejifunga kitenge kilichopauka, kichwani kilemba, usoni amechoka kama mtu aliyetumwa tangu alfajiri na bado ana safari nyingine. Ungemkuta sokoni ungempisha. Isipokuwa kasia lake lilipotoka majini halikudondosha tone, na nyuma ya mtumbwi wake maji hayakukunjika.

Akafika ubavuni kwetu, akaweka mkono kwenye ukingo wa boti.

"Hodi wenyewe," akasema. "Poleni na moshi."

Mzee Kaponda akaiachia kamba ya injini.

"Nashukuru kwa kusimama. Wengi siku hizi hawasimami."

"Mama," Mzee Kaponda akasema, na sauti yake sikuwahi kuisikia vile, ilikuwa ya mtoto aliyevunja chungu. "Mama, nisamehe. Tumekosea. Moshi. Nilidhani umeshabeba."

"Bado, baba. Ndiyo kwanza nakwenda."

"Basi pita, mama. Siyo hapa."

"Mmesimama," akasema yule mwanamke. Hakusema kwa ukali. Alisema kama karani anayekuonyesha kuwa umeshapanga foleni. Akatupa macho ndani ya boti, juu ya magunia, juu ya mkeka. "Wako wangapi?"

Nataka mnielewe vizuri hapo. Hakuuliza ni nani. Aliuliza wangapi. Na mimi niliyekuwa na nguvu, niliyebeba gunia la mchele kwa bega moja, ulimi wangu ulikuwa umelala mdomoni kama kambale aliyekufa. Nilimuona mama mkwe akiinua kanga yake aliyojitanda, taratibu, akaiachia ianguke juu ya tumbo la mwanawe. Akaikusanya kusanya pale juu, ionekane kama rundo la nguo.

"Wangapi?" akauliza mara ya pili.

Ndipo Skolastika, ambaye hakuwa amesema neno tangu ule utani wa kibuyu, akajiinua kwa kiwiko. Uso wake ulikuwa mkavu. Jasho lote limekwisha. Akamtazama yule mwanamke sawasawa, kama alivyokuwa akiwatazama wachuuzi wanaopunja.

"Mmoja," akasema. "Niko mwenyewe."

Yule mwanamke akaangalia rundo la kanga. Akaangalia muda mrefu. Kanga ile ilikuwa inacheza, jamani. Ilikuwa inapanda na kushuka, na upande mmoja ilisukumwa kwa ndani na kitu kidogo, goti au kisigino. Niliona mimi. Mzee Kaponda aliona. Mwanamke gani duniani asingejua?

Akamtazama Skolastika tena usoni. Sijui walielewana nini wale wawili. Nimewaza miaka yote hii na sijui.

"Haya," akasema. "Nimesikia mmoja."

Akageuka akatembea ndani ya mtumbwi wake mpaka mkiani, na mtumbwi haukuyumba. Akang'oa lile tawi. Akalivunja kipande, akakiweka ndani ya boti yetu, karibu na miguu yangu. "Hiki cha kwenu," aliniambia. "Mtakihitaji." Kisha akalibeba lililobaki mpaka ncha ya pili, akalichomeka kichwani, mbele.

Na mtumbwi ule ukazama. Simaanishi kuzama chini, nasema uliingia maji zaidi, kiganja kimoja hivi, kama mtumbwi uliopakiwa mtu. Ulikuwa mtupu, nikiutazama, na ulikuwa umeelemewa.

Mke wangu bado alikuwa anapumua kwenye boti yetu! Nilimuona anapumua! Hapo ulimi ukarudi. Nikapiga kelele, "Mzee, washa! Tumfukuze! Tumkate mbele!" Nikashika ule mti wa kupimia kina nikitaka kuuzuia ule mtumbwi.

"Mpishe," Skolastika akasema.

"Nimpishe?"

"Ana tawi mbele. Mpishe tu, baba Tabu. Mtoto anatoka."

Jina hilo la Tabu hatukuwa tumelikubaliana. Alilitoa pale pale.

Nikaushusha ule mti. Mzee Kaponda akasimama wima pale nyuma, akavua kofia. Yule mwanamke akapita mbele yetu taratibu, kasia kushoto, kasia kulia, akaingia kwenye moshi, na moshi ukafunga. Mzee akavuta kamba. Injini ikawaka mara moja.

Tabu alizaliwa mle ndani ya boti kabla hatujaiona Karema. Alitoka kwa miguu, na mama mkwe alimtoa kwa mikono yake akimtukana shetani kwa Kibende. Akalia. Skolastika akageuza kichwa akamtazama, akasema, "Mbona miguu kama ya korongo." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Alikuwa anatabasamu bado wakati mama yake alipomfumba macho.

Hatukuweza kurudi. Mtoto alikuwa mdogo kama sungura, alihitaji masista. Kwa hiyo tukaendelea mbele na wote wawili, aliyezaliwa na aliyekufa. Mzee Kaponda akaniambia, bila kunitazama, "Chomeka tawi." Nikakichukua kile kipande kilichokuwa miguuni kwangu, nikakifunga kichwani mwa boti kwa kamba ya wavu.

Karibu na Karema moshi ukapungua kidogo, tukaanza kukutana na watu. Hilo ndilo linalonitoa machozi mpaka leo, siyo yule mwanamke. Mashua ya tanga iliyokuwa inatoka Kigoma ikashusha tanga lake lote mara moja, likaanguka kama shuka. Mitumbwi ya kasia ikainua makasia. Wavuvi watatu wakauvuta wavu wao nusu ukiwa na samaki, samaki wakarudi majini, wenyewe wakauvuta tu. Na meli, ile meli kubwa tuliyokuwa tunaicheka jioni kwamba haipishi mtu, ilikuwa inang'oa nanga kuondoka. Ikatuona. Ikazima. Nasema ilizima! Chuma chote kile, na watu wamejaa juu kwenye vyuma vya pembeni, kimesimama kumpisha binti wa mvuvi. Mimi niliyelala kibarazani kwa watu, mke wangu alipishwa na meli.

Chombo chenye tawi hakitakiwi kuwa na sauti. Lakini chetu kililia. Tabu alilia njia nzima, kwa sauti kubwa ambayo huwezi kuamini imetoka kwenye kifua kile. Niliwaona watu wakitazamana: tawi la maiti, na mtoto mchanga analia ndani. Mzee mmoja mwenye kasia akapiga ishara ya msalaba. Mama mkwe hakumnyamazisha. "Mwache," alisema. "Alikuwa amefichwa. Sasa asikike."

Na hayo aliniambia mimi. Uso kwa uso. Toka siku ile mama mkwe wangu alisema na mimi moja kwa moja mpaka alipokufa, na watu wa kwao hawakuthubutu kuuliza.

Tulimzika Skolastika kambini kwao, juu ya mawe, mahali maji hayafiki. Kile kipande cha tawi nilikichomeka kichwani mwa kaburi kwa sababu sikuwa na msalaba tayari. Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipokuja kikachipua. Leo ni mkuyu ambao watu wawili hawaukumbatii.

Mzee Kaponda alikuja matangani akiwa ameweka mikono kichwani kama mwanamke. "Mimi ndiye niliyesimama," aliniambia. Nikampa mgongo. Hakugusa tena maji. Alihamia Mwamkulu, mbali na ziwa, akashika jembe, mtu ambaye hakuwa hata anajua kupanda mahindi kwa mstari. Injini aliniachia mimi. "Unajua sheria," alisema. Nilikaa nikimchukia, huku nakula kwa injini yake. Alipokaribia kufa aliniita. Nilikwenda. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, akaniuliza kama zamani, sauti haitoki:

"Tawi mbele?"

"Simama, mzee."

"Tawi nyuma?"

Nikamshika mkono. "Ulikuwa moshi, mzee," nikamwambia. "Ulikuwa moshi."

Sasa vijana wa siku hizi wanasema moshi ulitupanda kichwani, eti mwanamke aliyekaa uchungu usiku kucha na mtoto amegeuka angekufa tu. Labda. Mimi siyo daktari. Lakini moshi haujawahi kupanda mkuyu juu ya kaburi.

Tabu yupo. Ana miguu kama ya korongo na mdomo wa mama yake. Alipobeba mimba zake sikumruhusu asogelee ziwa, alikaa hapa Majengo, Mpanda, mpaka akajifungua, na akanung'unika kila siku. Siku makarani walipokuja kuhesabu watu, mmoja akafungua makaratasi yake akaniuliza kwa heshima, "Mzee, humu ndani mko wangapi?" Nilisimama nikatoka nje, nikakaa nyuma ya banda la kuku mpaka walipoondoka. Tabu aliwajibu nini sijui. Nilimkataza kuniambia.

Basi nakuonya wewe unayesoma, hasa wewe wa kandokando ya maji. Wapishe watu. Mwenye nguvu ampishe mnyonge, hiyo haijabadilika na haitabadilika. Lakini kwenye moshi, kabla hujazima injini, tazama tawi liko upande gani. Kama huoni, songa. Na ukiulizwa na mtu usiyemjua, akiwa mchovu, mwenye adabu, ameweka mkono ubavuni mwa chombo chako, kwamba mko wangapi, kumbuka kwamba aliwahi kuwapo binti wa mvuvi aliyejua kujibu.

Nilianza na shuka moja. Leo nina nyumba ya tofali za kuchoma Majengo, bati juu. Nina mashine ya kukoboa mpunga. Nina shamba Mwamkulu, jirani na kaburi la Mzee Kaponda, na ng'ombe wanne wa kulimia nilionunua kwa Wasukuma. Ikola nina boti moja ya injini na mashua moja ya tanga, na vijana wangu wanajua ipi inapisha ipi, wasipojua hawali. Nina mkuyu mmoja.

Watoto na wajukuu, msiniulize. Wapo.